Modi za Wachezaji: Mtengenezaji wa Gemu Anaahidi Nini Anapofungua Mlango

Mwezi wa Aprili 2024, kundi la watu wanaojitolea lilikuwa limebakiza siku chache kuitoa Fallout: London. Hiyo ni modi, yaani badiliko lililotengenezwa na wachezaji, ya gemu ya Fallout 4, lakini ukubwa wake ni wa gemu inayojitegemea: jiji jipya, wahusika wapya, sauti zilizorekodiwa upya, hadithi ndefu ya kumshika mchezaji. Walikuwa wameijenga kwa miaka, bila mshahara. Ndipo Bethesda, wenye Fallout 4, wakatangaza kwamba gemu hiyo ya mwaka 2015 itapata sasisho kubwa tarehe 25 Aprili, siku mbili tu baada ya tarehe ambayo kundi lilikuwa limeipanga. Wakaahirisha mpaka Julai. Hata walipoitoa, aliyenunua Fallout 4 kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, ilimbidi kwanza airudishe kwenye toleo la zamani ndipo modi ifanye kazi.

Bethesda hawakuvunja sheria wala mkataba wowote. Tena si maadui wa modi: ni kati ya kampuni kubwa chache ambazo zimekuwa zikiwapa wachezaji zana za kujengea tangu Morrowind ya mwaka 2002. Kama kampuni ya namna hiyo inaweza kuwapiga teke watu wake bila kukusudia, basi swali la iwapo mtengenezaji aunge mkono modi haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Msimamo wangu ni huu: kuunga mkono modi ni ahadi, na kila ahadi ina gharama na mipaka yake. Studio inayoweza kuitimiza inapaswa kuitoa, tena kwa moyo mweupe. Isiyoweza inapaswa kusema mapema itaishia wapi, kwa sababu ahadi nusu huwaumiza watu kuliko ukimya.

Mlango una viwango

Modi ni badiliko lolote ambalo mchezaji analifanya kwenye gemu ya mtu mwingine. Linaweza kuwa dogo, kama kubadilisha rangi ya shati la mhusika, au kubwa kiasi cha kuifanya gemu isitambulike. Wachezaji walikuwa wakifanya hivyo zamani bila kuomba ruhusa. Wolfenstein 3D ilipotoka mwaka 1992, watu walibadilisha picha na ramani zake kwa kuandika moja kwa moja juu ya faili za asili. Ukikosea, gemu yako imeharibika. John Carmack wa id Software, studio iliyoitengeneza, aliona hamu hiyo, na katika Doom ya mwaka 1993 akaitenga injini, yaani programu inayoiendesha gemu, na data. Ramani, picha na sauti ziliwekwa kwenye faili za aina yake, zinazoitwa WAD. Aliyetaka ramani yake aliandika WAD yake ndogo, na Doom ikaipakia juu ya ile ya asili bila kuigusa.

Angalia kile ambacho id hawakufanya. Doom haikuja na programu ya kuchorea ramani. Wachezaji wenyewe walichambua muundo wa faili na kuandika programu hizo. Studio ilifungua mlango, ikaishia hapo, na hilo pekee lilitosha kuanzisha utamaduni mzima.

Kwa hiyo mtu anaposema studio fulani inaunga mkono modi, muulize inaunga mkono vipi. Kuna studio inayokaa kimya na kutoshtaki mtu. Kuna inayoruhusu kwa maandishi. Kuna inayopanga data yake ili isomeke, kuna inayotoa zana na maelezo, na kuna inayoweka maktaba ya modi ndani ya gemu yenyewe, kitufe kimoja na modi imeingia. Kila hatua inaongeza wanachotegemea wachezaji. Minecraft ya kompyuta ilikaa miaka mingi kwenye kiwango cha kati: watu walikuwa wakiichambua programu iliyofichwa majina yake ya ndani, na Mojang, wenye gemu hiyo, waliwaruhusu bila kuwapa njia rasmi. Mwaka 2019 ndipo walipotoa orodha ya majina hayo ili kazi iwe rahisi. Hata kabla ya hapo, pistoni na farasi wa Minecraft vilikuwa vimeingia kwenye gemu rasmi vikitokana na kazi za watengeneza modi.

Faida ambayo haitangazwi sana

Hoja inayorudiwa zaidi ni ya dhahabu iliyofukiwa. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe. Valve, wenye Half-Life, wakainunua na kuwaajiri. DayZ ya Dean Hall ilikuwa modi ya Arma 2 mwaka 2012, ikawafanya watu waikimbilie gemu ya zamani iliyokuwa imeshapoa. Aina nzima ya gemu ambayo leo inajaza kumbi za mashindano, ya timu mbili za watu watano wakigombea ramani moja, ilikomaa ndani ya ramani za wachezaji za Warcraft III.

Yote hayo ni kweli, lakini simshauri mtengenezaji yeyote afungue mlango kwa matumaini hayo. Kwa kila Counter-Strike kuna maelfu ya modi zilizopakuliwa na watu kumi na kusahaulika. Studio inayosubiri dhahabu itakufa moyo mwaka wa pili na kufunga mlango, na walioumia watakuwa wale waliojenga wakiamini uko wazi.

Mimi hunivutia zaidi faida ya ukarabati. Dark Souls ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2012, picha yake ilikuwa imefungiwa kwenye ubora wa chini hata kama kompyuta yako ina nguvu kiasi gani. Peter Thoman, anayejulikana kwa jina la Durante, alitoa kirekebishi chake mara tu gemu ilipoingia sokoni, na kwa miaka ushauri wa kwanza kwa kila mnunuzi ulikuwa kukiweka hicho kabla ya kuanza kucheza. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ilitoka mwaka 2004 ikiwa na hitilafu tele, na mwaka uliofuata studio yake, Troika, ikafungwa. Hakuna aliyebaki wa kuirekebisha. Wachezaji wakaibeba, wakatoa viraka kwa zaidi ya muongo mmoja, na duka la GOG linaiuza ikiwa na kiraka chao. Gemu ile ingekuwa imezikwa.

Kuna na watu ambao studio huwasahau kabisa. Stardew Valley haikutengenezwa kwa ajili ya asiyeona, lakini iko modi inayosoma kwa sauti kila kilicho mbele ya mhusika, ikishirikiana na kisoma-skrini cha kompyuta, na mtu asiyeona analima, anavua na kuuza mazao kama wengine. Hali ni hiyohiyo kwa lugha: tafsiri nyingi za gemu katika lugha ambazo soko limezipuuza zimefanywa na wachezaji usiku, baada ya kazi zao. Mtengenezaji akiyaweka maandishi yote ya gemu kwenye faili la kawaida linaloweza kuhaririwa, amewafungulia watu hao kwa gharama ndogo sana. Akiyachanganya ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, amewafungia, na mara nyingi hata hajui.

Gharama, ukizitazama kwa karibu

Wanaodai modi kwa sauti kubwa hawapendi kuisikia sehemu hii, na wanapaswa kuisikia.

Chukua upanga mmoja ndani ya Skyrim, gemu nyingine ya Bethesda. Kwenye data, upanga huo ni rekodi moja yenye vipengele kadhaa: jina, uzito, bei, nguvu ya kujeruhi, umbo lake. Mtu wa kwanza anatengeneza modi ya kupunguza uzito. Wa pili, asiyemfahamu wa kwanza, anatengeneza modi ya kupandisha bei. Mchezaji anaziweka zote mbili. Gemu haizichanganyi, inachukua rekodi nzima kutoka kwenye modi iliyopakiwa mwisho. Modi ya bei ilipotengenezwa ilinakili rekodi yote, pamoja na uzito wa zamani, kwa hiyo uzito unarudi ulivyokuwa. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Mchezaji anaona tu kwamba modi ya kwanza haifanyi kazi, anaenda kumlalamikia aliyeitengeneza, naye hana la kumjibu kwa sababu kwake inafanya kazi vizuri. Zidisha hali hiyo kwa modi mia mbili ndani ya kompyuta moja.

Tatizo hilo linatokana na uamuzi uliofanywa na mhandisi wa injini zamani sana, kabla ya mchezaji yeyote kuigusa gemu. RimWorld inafanya tofauti: mwenye modi anaweza kuandika badiliko peke yake, yaani tafuta kipengele fulani kwenye kitu fulani ukibadilishe kiwe hivi, na modi mbili zinazogusa vipengele tofauti vya kitu kilekile zinakaa pamoja kwa amani. Ndiyo maana kuamua habari ya modi mwishoni, gemu ikiwa imeshatoka, huwa ghali.

Zaidi ya data kuna msimbo. Zana rasmi za Skyrim zina kikomo, kwa hiyo wachezaji wenye ujuzi walijenga kiendelezi kinachoshika sehemu za programu kwa anwani zake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Bethesda wakibadilisha programu hata kidogo, anwani zinahama na kila kitu kilichosimama juu ya kiendelezi hicho kinaanguka. Novemba 2021, toleo la maadhimisho lilipotoka, modi nyingi za namna hiyo zilikufa siku moja. Zilizokuwa na mwenyewe zilifufuliwa, zilizoachwa na waliozitengeneza zilibaki zimekufa mpaka mtu mwingine azichukue. Bethesda hawakuwa wameahidi lolote juu ya anwani hizo. Hata hivyo kwa mchezaji wa kawaida tofauti kati ya modi ya zana rasmi na modi ya njia ya panya haionekani. Anachojua ni kwamba jana gemu iliwaka, leo haiwaki.

Simu na barua za malalamiko zinaenda kwa nani? Kwa studio. Mtu anaripoti kwamba gemu inajifunga, msaidizi anapoteza saa nzima, mwisho inagundulika kuna modi ambayo mteja hakuitaja. Studio ndogo yenye watu watano inaweza kumezwa na kazi hiyo. Dawa yake inajulikana na ni nafuu: gemu iandike yenyewe, ndani ya kila ripoti ya hitilafu, orodha ya modi zilizokuwemo.

Usalama ni mzito zaidi. Modi iliyo data tupu, ramani au picha, ni vigumu kudhuru kompyuta. Modi iliyo programu inaweza kufanya lolote ambalo programu nyingine inaweza kufanya. Juni 2023, wahalifu waliingia kwenye akaunti za watengeneza modi wa Minecraft katika CurseForge, tovuti ya kupakulia modi, na kupachika programu hasidi ndani ya modi zilizokuwa zikiaminika. Iliiba nywila, ikabadilisha hata anwani za sarafu za kidijitali ambazo mtu alikuwa amezinakili ili alipe. Waathiriwa hawakuwa wazembe. Walipakua kutoka mahali pale pale walipozoea. Factorio imepunguza hatari hii tangu mwanzo: modi zake zinaandikwa kwa lugha ya Lua ndani ya uzio, na haziruhusiwi kuzurura kwenye faili za mchezaji. Studio inayoweka kitufe cha modi ndani ya gemu yake imemwambia mchezaji, hata kama haijaandika, kwamba kilicho nyuma ya kitufe hicho ni salama. Kama haina watu wa kukagua wala uzio, kitufe hicho kisiwekwe.

Wanapocheza wengi

Kwenye gemu ya peke yako, modi inayokufanya usife haimdhuru yeyote. Kwenye mashindano ya mtandaoni, modi inayofanya ukuta uonekane kama kioo ni wizi. Kiufundi zinafanana: zote zimebadilisha faili au kumbukumbu. Mfumo wa kuzuia udanganyifu hauoni nia ya mtu, unaona badiliko. Kwa hiyo siwalaumu watengenezaji wanaofunga kabisa seva zao za ushindani.

Ninapotofautiana nao ni pale wanapofunga na seva za watu binafsi kwa kisingizio hichohicho. Watu ishirini waliokubaliana sheria zao kwenye seva yao hawamwibii mtu ushindi. Rockstar ni mfano wa kampuni iliyobadili njia: mwaka 2015 ilifungia akaunti za watu waliokuwa nyuma ya FiveM, mradi wa seva za wachezaji za Grand Theft Auto V, na mwaka 2023 ikawanunua. Katikati ya hapo, mwaka 2017, kampuni mama yake, Take-Two, ilijaribu kuizima OpenIV, zana ya modi za kucheza peke yako. Wachezaji wakaijaza gemu maoni mabaya kwenye Steam mpaka Rockstar wakatoa tamko kwamba modi za mchezaji mmoja hazitaandamwa kwa kawaida. Ugomvi wote huo ungeepukika kwa ukurasa mmoja wa kanuni ulioandikwa mapema.

Ni mali ya nani?

Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Micro Star na FormGen, waliokuwa na haki za gemu ya Duke Nukem 3D. Micro Star walikuwa wamekusanya ramani 300 za gemu hiyo zilizotengenezwa na wachezaji, wakaziuza kwenye diski. Ramani hizo hazikuwa na picha hata moja ya gemu ndani yake. Zilikuwa maelekezo tu ya kipi kikae wapi. Mahakama ikasema hata hivyo zinasimulia mwendelezo wa hadithi ya Duke, na haki ya kutengeneza mwendelezo ni ya mwenye hakimiliki. Wenye gemu wakawa na kauli kubwa, na masharti ya leseni yakafuata njia hiyo.

Lakini kauli kubwa haileti kila kitu. Blizzard walikuwa na Warcraft III mikononi wakati DotA, ramani ya wachezaji ya aina ile ya timu mbili, inakua ndani yake, na hawakuichukua. Valve walimwajiri IceFrog, aliyekuwa akiiendesha, wakaomba kulisajili jina la Dota kama alama ya biashara, Blizzard wakapinga, na mwaka 2012 wakakubaliana kwamba Valve walitumie jina hilo kibiashara. Mwaka 2020 Blizzard walipotoa Warcraft III: Reforged, masharti mapya yalisema kila ramani itakayotengenezwa humo ni mali yao. Naelewa uchungu uliowafikisha hapo, lakini sharti la namna hiyo linamfukuza yule mtu mmoja mwenye wazo kubwa. Nani akajenge kwa miaka nyumba ambayo hati yake imeshaandikwa jina la mwingine?

Fedha ndiyo inayowasha moto zaidi. Tarehe 23 Aprili 2015 Valve na Bethesda waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe. Aliyetengeneza alipata asilimia 25. Zilizobaki ziligawanywa, Valve 30 na Bethesda 45. Wachezaji wakawaka, na tarehe 27 mpango ukafutwa na pesa zikarudishwa. Wengi wanakumbuka ile asilimia 25. Kwangu kosa kubwa lilikuwa kwingine. Modi moja ya uvuvi ilikuwa imetumia faili za mienendo ya mhusika za mtu mwingine, jambo la kawaida pale kila kitu kilipokuwa cha bure. Bei ilipowekwa, mwenye faili akawa na haki ya kuuliza fungu lake liko wapi. Jamii iliyokuwa ikiazimana bila kuandikiana iligeuzwa soko kwa siku moja, bila mtu kupewa muda wa kupanga deni la nani liko kwa nani.

Bado sikubali kwamba watengeneza modi waendelee kufanya kazi kwa shukrani tu. Mkono mtupu haulambwi. Njia ninazoziona zina heshima ni ya kumwajiri mtu na ya kumwacha aondoke na alichokibuni. Mwenye modi ya Space Exploration, anayejulikana kama Earendel, aliingia kwenye timu ya Factorio na kushiriki kutengeneza nyongeza ya Space Age iliyotoka mwaka 2024. Nick Pearce aliibeba modi yake ya Skyrim, The Forgotten City, akaijenga upya kama gemu yake mwenyewe, ikatoka mwaka 2021. Hilo la pili liliwezekana kwa sababu hadithi na wahusika walikuwa wake. Angeondoka na nini kama sharti lingesema vinginevyo?

Basi studio ndogo ifanye nini?

Kama gemu ni ya kuchezwa peke yako, sioni sababu ya kupigana na modi. Weka data kwenye faili zinazosomeka, ruhusu folda moja ambayo gemu itaisoma baada ya faili zake, acha toleo la awali lipatikane kila unapotoa sasisho. Steam inaruhusu matoleo ya zamani yabaki kama tawi la kuchagua. Haya ni mambo ya siku chache yakifanywa mapema. Zana kamili za kuhariri, maktaba ya ndani na ukaguzi viachwe mpaka kuwe na mtu wa kuvitunza, maana zana iliyotolewa halafu ikaachwa bila matengenezo inazaa malalamiko kuliko isiyotolewa.

Kwenye konsoli, yaani mashine maalumu za kuchezea gemu, uamuzi si wako peke yako. Fallout 4 ilipopata modi mwaka 2016, Sony hawakuruhusu modi za PS4 zilete picha wala sauti kutoka nje, kwa hiyo wachezaji wa mashine mbili, PS4 na Xbox One, waliahidiwa kitu kimoja wakapata viwili tofauti. Usitangaze modi za konsoli kabla mwenye mashine hajakubali.

Na andika kanuni zako kwa lugha ya mtu wa kawaida. Sema kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi, sema alichokibuni mchezaji ni chake, sema kama anaweza kupokea michango, sema kwamba na wewe unaweza kuja na wazo linalofanana na la kwake bila kuwa umemwibia. Ongeza na kifungu ambacho karibu hakuna anayekiandika, cha nini kitatokea siku utakapoacha kuishughulikia gemu. Mwishoni mwa mwaka 1997 id Software walitoa msimbo chanzo wa Doom, na miaka miwili baadaye wakaiweka chini ya leseni huria ya GPL. Watu bado wanaitengenezea ramani mpya kila mwaka, kwenye injini ambazo wachezaji wenyewe wamezijenga juu ya msimbo huo.